Singano, Wake Watatu na Gari Moja

Hapo zamani, si zamani ya vita vya machifu, ni zamani ya majuzi tu, alikuwako Lushoto mkulima wa kabichi na mapea aitwaye Singano. Singano alikuwa na wake watatu na gari moja. Angekuwa na magari matatu na mke mmoja, nisingekuwa na la kuwasimulia.

Gari lilikuwa dogo, la umeme. Mke mkubwa, Mwajabu, ndiye aliyelilinda. Alidai liegeshwe kwenye banda lililoungana na jiko lake, ukuta wenye joto, kwa sababu betri haipendi baridi ya Lushoto. Likilala nje mwezi wa saba, huamka limezubaa: haliendi mbali, na likiteremka mlima halirudishi umeme. Basi kila jioni Mwajabu alichomeka waya mwenyewe. Hakujua kuliendesha, lakini alilijua.

Mke wa pili, Zaina, ndiye aliyeendesha. Singano alimfundisha yeye peke yake, na Zaina hakuacha mtu asahau.

Mke mdogo, Hidaya, alitoka Korogwe. Alikuwa akifanya kazi kwenye kituo cha kuchajia magari, na hapo ndipo Singano alipomwona. Chaji ya nusu saa ikamletea mke! Tangu siku hiyo wake wenzake hawakutaka hata kusikia jina la kituo kile.

Sasa, Singano aliahidi kumpeleka Zaina Tanga kwenye harusi ya kaka yake, wao wawili tu. Siku ya kuamkia safari Zaina alifuta kioo cha gari huku akiimba kwa sauti ya kusikika nyumba tatu: "Wa mbele ni wa mbele, wa nyuma wasafishe vyombo!"

Hidaya alisikia. Roho ikamuuma. Jioni, Mwajabu alipokwisha kuchomeka waya na kuingia jikoni, Hidaya alinyata bandani akauchomoa.

Mwajabu alimwona dirishani. Naye harusini hakualikwa. Akanyamaza, akaendelea kukoroga mboga.

Kulipopambazuka, Singano hakuweza kusimama. Tumbo limevimba, limekuwa gumu kama ubao, jasho linamtoka katika baridi ile. Wakampakia garini mbio, Zaina bila hata kutazama chaji, hadi hospitali ya pale mjini. Daktari akambonyeza mara moja tu.

"Utumbo umejisokota. Huyu ni wa kupasuliwa Tanga, na ni sasa hivi. Gari la wagonjwa limeshateremka na mama mjamzito. Mna usafiri?"

"Tunao," akasema Zaina. Wakamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Mwajabu. Hidaya akakaa mbele. Zaina akawasha gari, akatazama chaji, akapiga usukani.

"Asilimia ishirini na saba! Dada Mwajabu, hukuchomeka?"

"Nilichomeka."

"Mbona halijajaa?"

Mwajabu alimtazama Hidaya. Hidaya alitazama nje. "Endesha," akasema Mwajabu. "Mume anakufa."

Wakateremka zile kona za kwenda Mombo. Kwa kuwa betri ililala kwenye ukuta wa joto, ilipokea umeme wa mteremko tangu kona ya kwanza. Zaina aliinua mguu akaliacha gari lijizuie lenyewe. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Walipogusa Mombo, thelathini na moja.

Bondeni barabara ilinyooka, mabasi yakawapita yakipiga honi. Zaina akashika mwendo wa sitini, feni amezima, mguu mwepesi kama anakanyaga mayai.

"Kanyaga!" akalia Hidaya. "Unamwendesha kama maiti!"

"Nikikanyaga tutalala njiani."

"Unamsikia anavyokoroma?"

"Namsikia! Unadhani ni mume wako peke yako?" Machozi yalimtiririka, lakini mguu haukuongezeka uzito.

Wakaingia Korogwe na asilimia tano. Kituo kilikuwa kimoja tu, kile kile. Mwajabu, aliyeapa hatatia mguu pale, ndiye aliyesema, "Kata kushoto. Nimekiona."

Hapo Hidaya akawa mwenye mji. Aliruka kabla gari halijasimama, akamwita mlinzi kwa jina, akaomba mashine ya pembeni, iliyo kivulini, yenye nguvu kuliko zote. Chaji ikapanda mbio: ishirini, arobaini, sitini. Ilipofika sabini na mbili ikaanza kujikokota. Hidaya akachomoa.

"Wewe!" Mwajabu akapiga kelele. "Acha lijae! Unataka tuzimike porini?"

"Betri imeshapata moto, dada, mashine inajipunguza. Hii iliyobaki tutaingoja saa nzima. Hii tuliyonayo inatufikisha, akiendesha kama alivyoendesha."

Zaina alimtazama mke mwenzake kwa mara ya kwanza bila kumkunjia uso. Akaondoa gari.

Tanga walifika na asilimia sita. Singano akapasuliwa papo hapo. Daktari alipotoka alisema, "Nusu saa nyingine, mngekuwa mnanunua sanda."

Singano akapona. Mwezi ulipopita akawaita wake zake barazani, akaweka ufunguo wa gari juu ya mkeka.

"Gari hili silitaki tena. Nampa mmoja wenu, liwe lake mwenyewe. Semeni: ni nani aliyeniokoa?"

Mwajabu akasema, "Ni mimi. Miaka mitatu nimeitunza betri ile kama mtoto mchanga. Ingelala nje kwenye baridi, tusingefika hata Korogwe."

Zaina akasema, "Ni mimi. Nani mwingine angeshika usukani? Nilitukanwa njia nzima, sikuongeza mwendo. Ningewasikiliza tungekwama na maiti ndani."

Hidaya akasema, "Ni mimi. Mngekaa pale mkingoja mia, mume wenu akitoka roho kituoni."

Mwajabu hakuweza kujizuia. "Na kwa nini tulihitaji kituo? Waambie nani alichomoa waya jioni ile!"

Hidaya akainamisha kichwa. "Ni mimi. Wivu ulinishika. Lakini wewe, dada, umejuaje?"

"Niliona," akasema Mwajabu. "Niliona, sikurudishia."

Zaina akanyoosha mkono kwenye ufunguo. "Basi asiye na hatia ni mmoja."

"Usiuguse!" Hidaya akamwinukia. "Mume alikwambia mara ngapi utufundishe kuendesha? Ukakataa, ili ubaki wewe tu. Mguu wako ungekufa ganzi siku ile, nani angemfikisha?"

Zaina akarudisha mkono. Singano aliwatazama mmoja mmoja, jasho likimtoka kama siku ile ya ugonjwa, na ufunguo ukabaki juu ya mkeka.

Aliyetunza akanyamaza. Aliyeendesha akawanyima wenzake. Aliyejua kuchaji ndiye aliyechomoa. Nanyi mnaonisikiliza, msiniangalie mimi, mimi sikuolewa pale. Je, ufunguo alistahili nani?