Hamsini na Saba Waliosema Wazima

Mama Sekela alikuwa amepaka mikono mafuta ili utomvu usimgande, beseni la ndizi mbichi liko mbele yake na hajafika hata nusu, jirani alipomwita kutoka upande wa pili wa ua.

"Mama Sekela, binti yako anashuka kwenye bodaboda."

"Binti yangu yuko chuoni, Mama Anyosisye. Leo Jumatano."

"Basi anayeshuka amevaa sura yake. Na begi lake lote analo."

Mama Sekela hakuinuka. Alimaliza kumenya ndizi iliyokuwa mkononi, akaitumbukiza kwenye maji, ndipo Sekela akatokea kwenye kona ya nyumba. Alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, akisomea saikolojia. Kanisani baba yake alikwisha kuwatangazia watu kwamba anakuja kuwa daktari wa mawazo. Begi lilikuwa limejaa mpaka zipu imegoma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umefukuzwa?"

"Hapana."

"Una mimba?"

"Mama!"

"Nauliza ili nijue naanzia wapi."

Sekela alikaa juu ya begi lake. "Nimeacha chuo. Takwimu imenishinda."

"Paka mafuta, chukua kisu. Utanieleza huku tunamenya. Uache chuo usiache, watu wanakula saa moja."

Sekela akapaka mafuta, akachukua kisu, akaeleza. Kila mwanafunzi alipewa zoezi la kupima hali ya wenzake bwenini, ajue wangapi wanasumbuliwa na msongo wa mawazo, kisha apige hesabu zake na kuandika ripoti. Yeye alihoji watu sitini. Alipata alama kumi na moja kati ya arobaini.

"Ulikosea kujumlisha?"

"Sikukosea hata nukta. Mwalimu mwenyewe ameandika, hesabu zote ni sahihi. Chini yake ameandika, rudia yote. Sasa mtu kama huyo unamfanyaje? Nimepewa mpaka Jumatatu, la sivyo narudia mwaka. Mimi sirudii. Nilikwenda kusoma watu, mama, sikwenda kusoma namba."

Mama Sekela alijifuta mikono kwenye kanga, akaomba hiyo ripoti. Yeye alikomea kidato cha nne, lakini asilimia anaijua. Alisoma polepole. Watu sitini. Wazima, hamsini na saba. Wasio wazima, watatu. Asilimia tisini na tano ya wanafunzi wa bweni hawana shida yoyote.

"Uliwaulizaje?"

"Niligonga mlango, nikasalimia vizuri, nikauliza, mzima? Aliyesema mzima nikamwekea tiki."

Mama akamtazama. Kisha akageukia uani, akapaza sauti.

"Mama Anyosisye, mzima?"

"Mzima kabisa, mwenzangu, namshukuru Mungu. Sijui wewe?"

"Mimi mzima. Na ule mguu?"

Upande wa pili Mama Anyosisye akaguna.

"Mguu usinikumbushe. Tangu Jumamosi kiatu hakiingii. Jana nimelala nimekaa kitini kama mlinzi."

"Pole, mwenzangu. Nitapita nikuone." Mama Sekela akamgeukia binti yake, akashusha sauti. "Huyo, kwenye karatasi yako, ni tiki."

Kisu cha Sekela kikasimama.

"Hapa kwetu mtu akiulizwa mzima, anajibu mzima," mama aliendelea. "Hata aliyelazwa hospitali atakujibu mzima, halafu ndiyo akuonyeshe bandeji. Hajakudanganya. Ameitikia salamu. Wewe umehesabu watu wenye adabu, ukakuta wako hamsini na saba. Hesabu ni sahihi kabisa. Mimi wananishangaza hao watatu."

Sekela alitaka kucheka, kicheko hakikutoka. "Mwalimu aliandika pembeni, 'Hapa umepima nini?' Nikadhani ananitukana." Akakata ganda la ndizi vipande vipande bila sababu. "Kuna msichana wa chumba cha kumi na nne. Saa nane mchana alikuwa amejifunika shuka mpaka kichwani. Akaniambia mzima. Nami nikaweka tiki nikaondoka."

"Ulikuwa hujajua."

"Nilimwona, mama."

Mama Sekela aliacha kumenya. Kuna jambo lilikuwa limemjia, na halikumpendeza.

"Jumapili nilikupigia simu," alisema.

"Ndiyo."

"Nikakuuliza nini?"

"Kama ni mzima."

"Ukajibu?"

"Mzima."

"Na Jumapili ya kabla ya hiyo?"

"Hivyo hivyo."

"Na kweli ulikuwa mzima?"

Sekela aliinamia beseni. "Tangu muhula uanze sijalala usiku nikamaliza. Nilikuwa nikienda kulia bafuni, nafungulia maji, ili mwenzangu wa chumba asinisikie."

Muhula ulikuwa na wiki tisa. Simu tisa, wazima tisa. Kila Jumapili Mama Sekela alikata simu, akamwambia mumewe mtoto hajambo, wakaendelea na mambo yao. Hakuwa mwanamke wa kulia mbele ya watoto. Alivuta ndizi nyingine, akaichana ganda kwa mkupuo mmoja.

"Basi na mimi nimefeli," alisema. "Tena wewe angalau una kumi na moja. Mimi nina sifuri."

Hapo Sekela alicheka, na machozi yakamtoka humo humo. Akayafuta kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta. Mama alimwachia muda wake. Ndizi zilizobaki alizimenya peke yake.

Jiko lilipokuwa limeshika moto, Sekela alikuwa kibarazani na kalamu. Aliandika, akafuta, akaandika tena.

"Juzi ulilala saa ngapi?" alisoma kwa sauti. "Jana ulikula mara ngapi? Mara ya mwisho kumtafuta rafiki ilikuwa lini? Kila mmoja atajaza mwenyewe, peke yake, bila kuandika jina."

"Jina linakukera nini?"

"Asinijibu kwa heshima. Anijibu kweli." Akapiga mstari chini ya swali la mwisho. "Halafu namba zikija, zitakuwa zinasema kitu. Mama, kumbe namba zenyewe hazikuwa na ugomvi na mimi."

"Basi la kwanza ni saa kumi na mbili asubuhi," mama alisema. "Na ukifika, anza na chumba cha kumi na nne. Huyo usiende na karatasi. Nenda na chakula."

Baba Sekela aliporudi aliliona begi, akafungua mdomo.

"Amekuja kuuliza swali," mkewe alimwahi. "Kesho anarudi. Nawa mikono."

Saa moja chakula kilikuwa mezani, ndizi na maharage, na mboga ya maboga pembeni. Mama Sekela aligawa huku akihesabu kama kila siku. Baba, bibi, Sekela, wadogo zake Bupe na Lugano, na yeye mwenyewe. Sita. Wote wapo.

"Lugano, habari za shule?" baba aliuliza, kama ilivyo desturi.

"Nzuri," alijibu Lugano, binti wa kidato cha pili, bila kuinua kichwa.

Siku nyingine maongezi yangeishia hapo. Mama Sekela aliweka upawa chini, akavuta kigoda karibu na Lugano, akakaa. Hakuuliza lolote. Alisubiri.

Lugano aligeuza kipande cha ndizi kwenye sahani, akakigeuza tena.

"Ila kuna kitu," alisema.

"Nakusikiliza," mama alimjibu. "Kula, chakula kisipoe. Leo hakuna anayeondoka hapa."

Funzo: Hesabu haiwezi kuwa nzuri kuliko swali lililoizaa. Kabla hujaamini kwamba watu wako ni wazima, jiulize kama uliwahi kuwapa nafasi ya kukujibu kwamba siyo.