Moshi wa Jiko la Nakiete

"Mfereji haupandi juu ya chemchemi." Ndivyo mlivyomsikia babu yenu akisema jana, redio ilipotangaza kuwa mahakama imeibatilisha sheria fulani kwa kuwa inakwenda kinyume cha katiba. Mkanijia mbio mkidhani mzee anaweweseka. Haweweseki. Kaeni, niwape asili ya maneno hayo.

Kule milimani Upareni, wazee wa kale walichimba ndiva, yaani bwawa la kukusanyia maji ya chemchemi, kisha wakachimba mifereji ya kuyateremsha mashambani kwa zamu. Kabla mtu yeyote hajayaonja, walitia mikono majini wakaapa: "Kila jiko linalotoa moshi litapata zamu yake." Kiapo hicho ndicho kilichokizaa kikao cha maji. Kila mwezi ulipoandama, mzee wa zamu, msimamizi wa kugawa maji, alikirudia mbele ya watu wote, mkono ukiwa ndani ya bwawa.

Miaka ikapita, mzee wa zamu akawa Mbonea. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda amri kama mtoto apendavyo ngoma. Alipokabidhiwa kazi tu, alichimba mfereji kuelekea shamba lake lililo juu ya chemchemi. Akachimba hadi viganja vikaota malengelenge, na maji yakamkatalia katakata. Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma.

Basi ukaja ukame. Maji yalipopungua, Mbonea alipeleka sheria kikaoni: nyumba isiyo na mwanamume isipewe zamu. Mikono ikanyooshwa mingi, sheria ikapita.

Nakiete alikuwa mjane mwenye watoto wawili wadogo. Alizibua mifereji kwa jembe lake sawasawa na wanaume, lakini tangu siku ile mlango wa mfereji wake ulizibwa kwa udongo. Maharage yake, chakula pekee alichotegemea, yakaanza kunyauka. Kila akiyatazama, machozi yalimlengalenga. Angewalisha nini wanawe?

Mwezi ulipoandama, akapiga moyo konde. Alirundika majani mabichi jikoni, moshi ukapaa mzito juu ya paa, kisha akachukua jembe akaenda bwawani. Alimkuta Mbonea amekwisha kuinama, mkono majini.

"Kila jiko linalotoa moshi..."

"Samahani, mzee," Nakiete alisema. "Ule moshi wa ng'ambo ni wa jiko la nani?"

Watu wote wakageuka kutazama.

"Ni wa kwako, mwanangu. Lakini sheria imepita. Wengi wape."

"Wengi nawapa, mzee. Wakisema zamu yangu iwe ya mwisho, nitangoja. Wakisema nizibue mfereji mrefu kuliko yote, jembe hili hapa. Lakini kikao chenyewe kimezaliwa na kiapo hicho unachokisema. Mtoto atamkanaje mama yake, halafu aseme bado ni wa nyumba ile?"

Nakiete akasogea karibu.

"Mzee, usinikasirikie. Ule mfereji wako wa kule juu, maji yalikubali?"

Mtu mmoja akaangua kicheko, wengine wakafuata. Mbonea alikunja uso. Akautazama mkono wake, bado umo majini, na aibu ikamshika. Kisha naye akacheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo.

"Hayakukubali," alisema. "Mfereji haupandi juu ya chemchemi. Sheria ile haikuwa sheria tangu siku tulipoipitisha, hata kama tungenyoosha mikono yote miwili."

Alichukua jembe la Nakiete, akaenda mwenyewe kuubomoa ule udongo. Maji yakashuka na povu na majani makavu, na watoto wa Nakiete wakakimbia nayo pembeni, wakipiga kelele hadi shambani. Maharage mengine yalikuwa yamekwisha kufa. Yaliyobaki yalizaa, na watoto wakala.

Tangu hapo, sheria mpya ikiletwa kikaoni, watu huuliza kwanza: inateremka kutoka kwenye kiapo, au inataka kupanda juu yake?

Kwa hiyo msimcheke babu yenu akiongea na redio. Mmoja wa watoto wale waliokimbia na maji ni yeye, na maharage yale ndiyo yaliyomkuza. Anajua anachosema: mfereji haupandi juu ya chemchemi.