Mama Aliyeipima Bahari Homa

Haya, ndugu zangu, mliokaa nyuma sogeeni, nafasi ipo. Leo nawaletea mama mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuipima bahari homa.

Msicheke! Si mnampima mtoto kwapani? Basi bahari nayo hupimwa, maana ikipata joto, mvua huvurugika na mahindi yenu yanakauka. Mama huyu alikuwa mtaalamu wa mambo hayo. Alizunguka na meli kubwa ya utafiti, ndani yake mna bomba linalovuta maji ya bahari, na kwenye bomba mna kipimajoto. Akapima miaka mingi, kisha akaandika makala: upande wa bahari alioupima umepata joto kuliko mtu yeyote alivyodhani.

Weee! Makala ikavuma. Wataalamu wana desturi yao: mtu akiandika jambo, humtaja kwa jina aliyetangulia kulisema. Basi kila aliyeandika habari za joto la bahari akamtaja yeye. Huku anatajwa, kule anatajwa. Kwa kutajwa huko akapanda cheo, na nishani ikawa inamngoja mwezi unaofuata. Asubuhi kabla hajanywa chai anafungua kompyuta: jana nimetajwa na nani? Nawaona mnavyotazamana. Simu zenu nazijua.

Aliyempinga alikuwa bwana mmoja tu. Huyu hakuwa na meli. Alikuwa na boya, dude linaloelea peke yake katikati ya maji, na kipimajoto kimening'inia chini yake. Boya likasema: joto limeongezeka kweli, lakini si kubwa kama asemavyo mama. Bwana akaandika hivyo. Nani alimtaja? Hakuna.

"Kaka yangu," mama akamwambia mkutanoni, mbele ya watu wote, "boya lako linaumwa. Lipeleke hospitali."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Huenda, dada," bwana akajibu. "Basi nipe nafasi kwenye meli yako, tukamtazame mgonjwa pamoja."

Mama moyo ukamruka kwa furaha. Alitaka nini tena? Atamshinda mbele ya mabaharia, ataandika makala nyingine, na jina litapanda zaidi.

Siku ikafika. Bahari imetulia kama maji ya beseni. Boya likaonekana, la manjano, na meli ikasimama ubavuni pake. Watu wote juu, mpaka wapishi wametoka na mikono ina unga. Wakasoma kipimajoto cha bomba: joto kubwa. Wakasoma cha boya: joto dogo.

"Mnaona?" Mama akapiga makofi. "Maji yale yale, mahali pale pale! Sasa mgonjwa ni nani?"

"Boyaaa!" mabaharia wakaitikia.

"Tumtafute wa tatu atuamue," bwana akasema.

"Nitatoa changu, tena kipya," mama akasema. "Na nitakishusha kwa mkono wangu, usije ukalia kwamba umeonewa."

Akaenda mbele kabisa ya meli, akakifunga kamba, akakitosa baharini. Akangoja, akavuta, akasoma. Kicheko kikamkauka mdomoni. Akakifuta kwa kanga yake, akaenda upande wa pili, akakitosa tena.

Kilisema sawasawa na boya.

Mama akaiona nishani, akayaona majina yote yale ya watu waliomtaja. Akashuka ngazi mpaka tumboni mwa meli, akalishika bomba pale linapoingia. Baridi. Akalifuata kwa kiganja, hatua kwa hatua, likakunja kona, likapita ubavuni mwa injini, na hapo akauondoa mkono upesi. Linaunguza! Na kipimajoto chake kilikuwa mbele ya hapo, maji yakishaipita injini.

Mmeelewa, ndugu zangu? Maji yaliingia yamepoa. Meli yake mwenyewe ndiyo iliyoyapasha moto. Ndiyo maana kila alikokwenda alilikuta joto. Alikuwa anakwenda nalo!

Bwana alikuwa amesimama ngazini. "Dada, ile hospitali uliyosema, nimuombee mgonjwa kitanda?"

Mama akamtazama. Kisha akacheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Njoo ushike hapa, kaka. Mgonjwa ndiye huyu."

"Na nishani?"

"Wampe injini!"

Akarudi akaandika kwa jina lake: nilikosea, joto lile la ziada lilikuwa la meli yangu. La bahari ni lile la boya, mtajeni mwenye boya.

Sasa mimi sikuja hapa kuwafundisha mabomba. Nimekuja kwa ajili yetu sisi. Nimezisikia sauti hizi tangu kisimani nikiwa binti: "Mtaa ule una watu wakali, nimehama." Akahama, na huko nako wakali! "Kwaya ina fitina, nimetoka." Akaingia kwa wahudumu wa kanisa, lo, fitina! Na akipata wa kumwambia "kweli kabisa, dada", anajaza kikapu cha hao, anasema wote wananiunga mkono. Hivi, ni mtaa gani huo unaohama pamoja nawe? Nani anayapasha moto hayo maji?

Sisemi jirani yako hana kosa. Boya lilisema joto lipo. Ninachosema ni kwamba tuondoe kwanza lile la kwetu, ndipo tujue la jirani limebaki kiasi gani. Mungu anaijua bahari ilivyo. Hadanganyiki kwa wingi wa wanaotutaja.

Inukeni tuombe. Lakini kabla hatujafumba macho, wewe uliyekaa dirishani leo kwa kumkwepa mwenzio aliye huku, mimi nilikuona ulipoingia. Njoo ukae naye. Njoo tu, mama. Tunakungoja.