Kamba Saba za Waganga Watatu

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmelala? Leo sina uvumilivu. Paukwa!

PAKAWA!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na waganga wengi na dawa chache, paliondokea Mama Pimbi na mwanawe Kitete. Kitete akaota uvimbe tumboni. Kwanza kama kunde, baadaye kama embe. Mtoto halii tena, anaguna tu: mm, mm, mm.

Mama akambeba mgongoni. Chapu chapu, mlimani kwa mganga Nungunungu.

"Uvimbe huu umewahi kuuona?"

"Mara mbili. Niliwapa mzizi mchungu. Mmoja akapona, mmoja akafa."

"Kwa nini yule akafa?"

"Sijui."

"Waganga wenzako wanajua?"

"Sijawauliza."

Zamani hizo kila mtoto mgonjwa aliwekewa kamba yenye mafundo: fundo la jina, fundo la rangi ya ulimi aliozaliwa nao, fundo la dawa aliyopewa. Akifa, kamba hukatwa ncha.

"Niazime kamba zako nimwonyeshe Kobe."

"Thubutu! Hizo ni siri za wagonjwa."

Chapu chapu, bondeni kwa Kobe. Naye hutumia mzizi mchungu. Kaona watatu, wawili wamekufa, hajui kwa nini. Kamba kazificha ndani ya gamba. "Siri za wagonjwa," akasema, akaingiza kichwa.

Chapu chapu, mtoni kwa Kenge. Yeye dawa yake gome. Kaona wawili, mmoja kapona, mmoja kafa. Kamba kazikalia. "Nitoe uganga wangu ili Kobe ajisifu?" Angalau huyu alisema kweli.

Watoto saba, waganga watatu, kila mmoja anakuna kichwa kwake! Na mgongoni, mm... mm... sauti inafifia. Mama Pimbi akachoka kubembeleza. Akapiga mayowe, yoweee! Waganga wakaja mbio na kamba zao kwapani.

"Mwanangu anakufa, nyie mnaniambia siri! Siri ya mwanangu ni yangu mimi mama yake, na nimeitoa. Mama za wale saba nawajua, nimewauliza njiani, wote wamekubali. Nyie mliwahi kuwauliza?"

Akawaonyesha jiwe pana lililokuwa kando.

"Basi fungueni fundo la jina, mbaki nalo. Mengine yawekeni hapa. Kidole kimoja hakivunji chawa!"

Wakafungua majina wakinung'unika. Wakalaza kamba saba juu ya jiwe. Hata hawakukaa sana. Ulimi mweusi na mzizi mchungu: ncha zote zimekatwa. Ulimi mwekundu na mzizi mchungu: wazima. Kwa gome la Kenge, kinyume chake.

"Mfungue mtoto kinywa," akasema Kenge.

Ulimi mweusi. Nungunungu, aliyekuwa ameshika mzizi tayari, akaudondosha, pu!

Kitete akapewa gome. Uvimbe ukanywea siku hata siku, mpaka akaamka analilia chakula. Mama Pimbi akalia naye kwa furaha.

Kobe naye akalia. "Wale wangu wawili... gome lilikuwa hapo mtoni tu."

"Hapo mtoni tu," akasema Mama Pimbi. Hakumpa pole.

Basi jueni, wakubwa na wadogo: jina la mgonjwa lilinde, lakini ulichojifunza kwake kitoe, maana ukikificha atakufa mtoto wa mwenzio.

Hadithi yangu imeishia hapo. Asiyeelewa amuulize jirani yake. Si mmekaa pamoja?