Mwenza wa Wembe

Sogeeni, wajukuu zangu, na wewe unayetafuna muwa tafuna polepole. Nawapeleka mbali, siku ambazo kioo kilikuwa bado hakijapanda milima yetu, na mwanamume hakukijua kidevu chake ila kwa kukipapasa.

Sasa niambieni, bila kioo mtu atajinyoaje? Hawezi. Kwa hiyo kila mwanamume alikuwa na mwenza wa wembe, mtu mmoja tu, wa kumpunguzia ndevu na kumchonga sharubu. Ukishamchagua humwachi mpaka kifo, maana ni yeye peke yake unayemwinulia koo lako.

Shemdoe na Singano walikuwa wenza. Kila siku ya gulio walikaa kwenye jiwe lililokuwa mlangoni kwa Shemdoe, huyu akamnyoa huyu, kisha wakabadilishana. Wakanyoana hivyo mpaka ndevu zikaingia mvi.

Basi, Shemdoe akachaguliwa kuwa mzee wa baraza. Asubuhi ya kukalishwa kitini, wembe wa Singano ukateleza, ukafyeka ndevu zote za shavu la kushoto. Mnacheka? Hata baraza lilicheka. Wakasema mwenye nusu ya ndevu atatoa nusu ya hukumu, na kiti akapewa mwingine.

"Umenifanyia kusudi," Shemdoe akamwambia. "Umenionea kijicho."

"Ndugu yangu, mkono umeteleza. Nisamehe."

"Miaka yote haukuteleza, uteleze leo? Wembe wako hautanigusa tena."

Baada ya miezi miwili pengo lilikuwa limeshaota, lakini hasira ilikuwa palepale. Na kwa kuwa mwenza habadilishwi, ndevu za Shemdoe zikashuka kifuani, zikashuka tumboni, uji ukawa unagandia humo. Za Singano vivyo hivyo.

Kila siku ya gulio Singano alikuja, akakaa jiweni, akaweka wembe wake kando, akangoja. Jua likipanda, akaondoka. Shemdoe alichungulia mlangoni, moyo ukimwambia toka, kiburi kikimwambia kaa. Akakaa. Gulio hili akakaa, gulio lile akakaa, mwaka ukapita, akakaa.

Gulio moja jiwe likawa tupu. La pili, tupu. La tatu akaja mke wa Singano.

"Shemeji, chukua wembe," akasema. "Mwenzio amefariki alfajiri, na hazikwi na ndevu zile. Ni kazi yako."

"Aliugua nini?"

"Ni ule mkono. Ulianza kutetemeka tangu kabla ya siku ile ya baraza, mwisho ukafa, na upande mzima ukaufuata. Aliona haya. Alisema, nikimwambia ataogopa kuniinulia koo."

"Mbona alikuwa akija kuninyoa?"

"Hakuja kukunyoa, shemeji. Alikuja umnyoe wewe, auone uso wako, akueleze. Wembe ule alikuletea."

Shemdoe akaenda, akamnyoa. Akamchonga sharubu vizuri kama zamani, huku akimwomba radhi, na Singano hakujibu. Desturi ilimruhusu kuchagua mwenza mpya. Hakuchagua. Naye alipokufa, alizikwa na ndevu zake kiunoni.

Naumia kila nikikisimulia kisa hiki. Mliyezeeka naye akikukosea, muulize amesibiwa na nini, na umuulize angali anaweza kukujibu.

Kisa nimekifuta, nimekifunga kitambaani, nimekichomeka darini. Aliyesikia amesikia.