Somo wa Mtoto wa Mwanaidi

Haya, sogeeni. Aliyekuja na maswali ayameze kwanza, maana leo maswali ni yangu na majibu ni yenu. Na mtu asije akaniambia mwishoni ati hajui. Kama hujui sasa, sikiliza, utajua.

Palikuwa na kituo cha afya mahali paitwapo Kwambuzi, huko Handeni, na ndani ya kituo hicho wanawake watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Zaituni, muuguzi wa mapokezi. Kipaji chake kilikuwa sikio. Mtu akija kusema tumbo linamuuma, Zaituni alimwacha aliseme tumbo mpaka limwishe, kisha alikaa kimya. Lile neno lililokuja baada ya kimya, mara nyingi ndilo lililokuwa ugonjwa wenyewe. Wenzake walimgombeza: "Zaituni, foleni imefika getini!" Naye alijibu: "Foleni haifi. Anayekufa ni mgonjwa."

Wa pili ni Siwema, mkunga. Kipaji chake kilikuwa shaka. Ukimwambia kumekucha, anafungua dirisha. Chumvi ya mchuzi anaionja, halafu anaionja tena. Mumewe alikuwa akilalamika barazani: "Jamani, nikimwambia nampenda, ananiuliza nani kanituma!"

Wa tatu ni Dokta Perpetua, mgeni kutoka Songea. Kipaji chake, na najua mtacheka, kilikuwa kutoona haya. Alikuwa na kitabu, ule mwongozo wa matibabu walioutunga wataalamu, unaoeleza kila ugonjwa unatambuliwaje na unatibiwaje, na alikifungua mbele ya mgonjwa, mchana kweupe! Kwambuzi, hilo lilikuwa jambo la aibu. Watu walisema, hata fundi baiskeli hafungui kitabu, sembuse daktari? "Chuoni alikuwa analala huyu?" Wapo waliomwona ananyoosha mkono kuchukua kitabu wakafunga kanga zao kiunoni wakaondoka.

Hao ndio watatu. Sasa njooni kwa Mwanaidi.

Mwanaidi alikuwa mke wa Shekue, na mimba yake ilikuwa ya kwanza, miezi imetimia. Miguu ilikuwa imemvimba hata ndala haziingii. Mama mkwe wake, Bi Tatu, aliifurahia miguu ile! Alikuwa akiita majirani waje waione. "Tazameni wenyewe. Miguu hii ni ya mtoto wa kiume. Mimi wa Shekue nilivimba hivi hivi." Majirani walicheka wakapiga vigelegele, na Mwanaidi alicheka nao.

Kichwa kilipoanza kumgonga, hakusema. Mke wa watu hautaji mwili wake mbele ya mkwewe. Ndivyo alivyofundwa, na kwao mwali aliyefundwa akasikika analalamika huwaaibisha waliomfunda. Basi Mwanaidi alisonga ugali na kichwa chake, akachota maji na kichwa chake, mpaka asubuhi moja Bi Tatu alipomkuta ameshika ukuta ili asianguke.

"Malaria hiyo," alisema Bi Tatu. "Mvua zote hizi! Twende zetu kituoni."

Pale mlangoni alipimwa presha kwa mashine ya betri, ikaandikwa kwenye kadi yake kwamba ni nzuri. Akapimwa malaria, haikuonekana. Kisha wakaketi mbele ya Zaituni.

"Mama kijacho, unasikiaje?" aliuliza Zaituni.

"Kichwa," alijibu Bi Tatu.

"Kimeanza lini?"

"Juzi juzi tu. Ni malaria, sista. Tupe dawa mseto twende."

"Malaria kipimo kimekataa, mama. Mwanangu, kuna pengine panapouma?"

"Hapana," alijibu Bi Tatu. "Angeniambia mimi."

Zaituni aliona kitu kimoja. Kila akimuuliza Mwanaidi, macho ya Mwanaidi yalikwenda kwanza kwa mkwewe, ndipo yanashuka chini. Basi akageuka, akasema kwa upole: "Mama, nisaidie jambo. Wodini kuna mzazi katoka mbali, hana hata wa kumpikia uji. Unga upo jikoni. Mkono wa mtu mzima ndio unaojua uji wa mzazi."

Na mzazi huyo alikuwepo kweli, msidhani Zaituni ni mwongo. Bi Tatu hakungoja kuambiwa tena. Kama kuna kitu alichokipenda duniani, ni kuhitajika. Alikwenda jikoni.

Zaituni akakaa na Mwanaidi. Hakuuliza neno. Nje mtu alikohoa, foleni ikaguna, yeye kimya. Mwanaidi akatazama mlango, akahakikisha.

"Sista," alisema, "naona vimulimuli. Mchana huu."

"Enhee."

"Na hapa." Akagusa chini ya mbavu. "Pananibana, mpaka pumzi inakataa." Kisha akalia, wala si kwa maumivu. Alilia kwa sababu amesema.

Zaituni alimshika mkono akampeleka mwenyewe kwa Siwema.

Siwema akasoma kadi. Kadi inasema presha nzuri. Akatazama miguu. Akasoma kadi tena. "Nani kampima huyu?"

"Mashine ya mlangoni," alisema Zaituni.

"Mashine hiyo imezaa wangapi?"

Akafungua kabati, akatoa kipimo cha zamani, kile cha kupampu kwa mkono na kusikiliza kwa masikio. Akamketisha Mwanaidi, akamwacha atulie, akapima. Loo! Mia na sabini kwa mia na ishirini. Akadhani amekosea, akapima mkono wa pili. Ni ile ile. Akamwambia alete mkojo, akachovya kijiti, kijiti kikageuka kijani kizito, maana yake protini imejaa kwenye mkojo. Hapo sasa Siwema aliamini, na Siwema akishaamini jambo huwa hatembei, anakimbia. Ile mashine ya mlangoni, kumbe, tangu betri zake zianze kuchoka ilikuwa inampa kila mtu presha moja, kikongwe na kijana, na kituo kizima kilikuwa kinafurahia jinsi watu wa Kwambuzi walivyo na afya njema!

Dokta Perpetua alipoingia, Mwanaidi alikuwa amelala anatazama dari. Dari aliikumbuka. Baada ya dari hakukumbuka kitu, haya mengine alikuja kusimuliwa: macho yake yaligeuka, mwili ukakakamaa, akaanza kutupa mikono na miguu. Kifafa cha mimba, maradhi yanayochukua mama na mtoto kwa mkupuo mmoja.

Siwema na Zaituni walimlaza ubavu wasimwachie aanguke. Bi Tatu alisikia kishindo, akaja mbio na mwiko mkononi, na alichokikuta pale kilimtoa roho. Mkwewe anapapatika kitandani, na daktari amesimama pembeni anasoma kitabu!

"Mwanangu anakufa, wewe unasoma?" alipiga kelele. "Weka hicho kitabu ufanye kazi!"

Perpetua hakuinua macho. "Mama, sindano hii ikipungua haimsaidii. Ikizidi, inasimamisha pumzi. Naweza kukisia, lakini nitakuwa nakisia roho ya mwanao. Nikisie?"

Bi Tatu akashusha mwiko.

Dawa yenyewe ya kukomesha kifafa hicho, magnesiamu, ilikuwa kabatini siku zote. Madaktari waliotangulia waliiogopa, wakaiacha ikae. Perpetua alisoma kipimo kwa sauti, Zaituni akakirudia neno kwa neno, Siwema akavuta dawa, akakagua, akakagua tena. Kitabu kinasema ichomwe polepole, ikachomwa polepole, wakati mwili wote wa mtu unataka haraka. Mtikisiko ukapungua, ukaisha. Ikafuata dawa ya kushusha presha. Na kila mara kabla ya kuongeza magnesiamu, kitabu kikataka mambo yatazamwe: anapumua vizuri? mkojo unatoka? goti linaruka? Perpetua aligonga chini ya goti la Mwanaidi kwa ukingo wa kiganja. Goti likaruka, ishara kwamba dawa haijazidi.

"Endelea," alisema.

Bi Tatu aliketi sakafuni akiliombea dua lile goti. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kuombea goti.

Kitabu kilisema pia kwamba dawa zote hizo ni za kushikilia tu, tiba yenyewe ni mtoto kutoka. Uchungu ulikuwa umeshaanza, wakausaidia. Alasiri mtoto akalia, mama akafumbua macho akauliza yuko wapi. Alikuwa mtoto wa kike. Bi Tatu alicheka na kulia kwa pamoja, na Siwema hakumwacha: "Bi Tatu, na ile miguu ya mtoto wa kiume tuipeleke kwa nani?"

Sasa tegeni masikio, maana mtanziko ndio unaanza.

Huko Kwambuzi, mtoto hapewi jina hivi hivi. Anapewa jina la mtu, na mtu huyo huwa somo wake. Somo humvika mtoto nguo ya Idi, humtetea akikosana na wazazi, na siku ya harusi hukaa naye ndani. Tena wanaamini mtoto hufuata tabia ya somo wake, kwa hiyo ukichagua jina umechagua na mtu atakayekuwa. Na mtoto wa kwanza mwenye haki ya kumpa jina ni bibi mzaa baba.

Bi Tatu alikuja kitandani, akaketi, akakunja ncha ya kanga yake, akaikunjua.

"Mwanangu," alisema, "ulikuwa unaona vimulimuli ndani ya nyumba yangu, mimi naita watu waje kuitazama miguu. Nimeona haya. Jina sina haki nalo. Litaje wewe."

"Mama, na mimi nilinyamaza."

"Ulinyamaza kwa sababu yangu. Taja wewe. Lakini liwe la mmoja wa wale watatu."

Basi nyumba ikagawanyika. Shekue alisema: "Aitwe Siwema! Kila mtu aliamini mashine, yeye peke yake alikataa. Asingepima, hizo habari za vimulimuli zingeishia kwenye panadol." Bi Tatu, nanyi mshangae, alimtaka Perpetua. "Mimi nilimtukana mbele za watu, naye hakuona haya kusoma. Kumjua mgonjwa ana nini ni jambo moja, kumtoa huko ni jingine. Hao wawili walilijua joka. Nani alilitoa ndani ya nyumba?" Shangazi mmoja akadakia: "Jina la kanisani kwenye akika?" Perpetua mwenyewe alipoulizwa alisema jina lake maana yake ni Daima, wamwite mtoto Daima kama wanataka, na shehe alisema hana tatizo nalo. Kwa hiyo msijifiche nyuma ya hilo.

Na Mwanaidi? Moyo wake ulivutwa kwa Zaituni. "Kipimo kilikuwa kabatini, kitabu kilikuwa mezani," aliwaambia. "Mimi nilikuwa naondoka zangu. Aliyenizuia ni yule aliyenisikia." Lakini usiku huo huo alijiuliza: kusikilizwa tu kungemponya?

Pimeni wenyewe. Bila Zaituni, angerudi nyumbani na kichwa chake, na kifafa kingemkuta jikoni. Bila Siwema, kadi ingesema mzima, na mzima hatibiwi. Bila Perpetua, ugonjwa wangeujua jina lake, na dawa ingebaki kabatini au ingemuua.

Mwanaidi aliwaendea wote watatu kuwauliza. Zaituni alisema: "Mimi nilikaa tu kimya, mwaya." Siwema alisema: "Una hakika unataka kuniuliza mimi?" Perpetua alicheka, akasema: "Hilo halimo kitabuni."

Jirani akatoa shauri wampe yote matatu. Ebo! Mtoto mwenye masomo watatu siku ya kutetewa kila mmoja anamngoja mwenzake, naye anabaki peke yake. Somo ni mmoja. Shauri hilo msiniletee.

Siku ya akika ikafika. Pilau limeiva, ukumbi umejaa, watatu wale wameketi mkeka mmoja na nguo zao nzuri, hakuna anayemtazama mwenzake. Mwanaidi amempakata binti yake. Shehe akainama: "Jina la mtoto?"

Mwanaidi alimtazama yule mtoto, na hakuwaza tena nani anastahili kushukuriwa. Aliwaza: huyu naye ataolewa, naye atakuwa na mkwe, naye siku moja kichwa kitamgonga katika nyumba ya watu. Au siku moja mwenzake ataumwa mbele yake. Awe mwenye kusikia lisilosemwa? Awe mwenye kukataa jibu la kwanza? Au awe mwenye kusema mbele za watu, "Sijui, ngoja nitazame"?

Akafumbua kinywa, ukumbi wote ukanyamaza.

Nami hapa nanyamaza. Mtoto sasa yuko mapajani mwako wewe unayenisikiliza. Watatu wanakutazama, na wawili wataondoka bila somo. Shehe ameinama, anangoja. Haya, sema: ungemwita nani?