Nguchiro Awashonea Majoho Wagombea

Hapo zamani za kale, wanangu, ng'ambo ya bahari kuu, kulikuwa na nchi ya wanyama ambako uchaguzi haukuwa na mwisho. Ngoma za huu zikinyamaza, za ule zinaanza kuwambwa! Na wagombea ni wale wale wawili, miaka nenda miaka rudi: Tembo na Punda. Wengine kazi yao makofi.

Humo aliishi Mama Nguchiro, fundi cherehani, mjane mwenye watoto watano. Kamwili kadogo, lakini kichwa, usiseme! Mwaka huo alikuwa na jambo moja tu moyoni. Kiboko, tajiri wa nchi, alikuwa ameizungushia uzio chemchemi ya wote, na watoto wa Nguchiro walikunywa maji ya dimbwi wakaharisha.

"Uzio huu utang'oka," aliapa. "Nitaung'oa, hata kwa sindano!"

Siku moja Tembo alimwita ampime joho la kampeni. Nyuma ya mlango Nguchiro akaona magunia ya karanga yamerundikana hadi darini, yote yamepigwa alama ya unyayo wa Kiboko.

"Mheshimiwa, na ule uzio je?"

"Uzio gani tena, mama? Tutaunda kamati."

Kesho yake akaenda kumpima Punda. Lo! Magunia yale yale, unyayo ule ule.

"Mheshimiwa, na ule uzio?"

"Hiii-haa! Tutaunda kamati kubwa kuliko ya Tembo!"

Nguchiro akatoka kwa hasira. Kumbe Kiboko amewalisha wote wawili! Ashinde huyu, ashinde yule, uzio uko pale pale. Hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwa Kiboko mwenyewe.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Sema upesi, naoga."

"Nakuonea huruma. Karanga zote hizo umetoa, na waheshimiwa ni wepesi wa kusahau. Atakayeshinda akijifanya hakujui, je?"

Kiboko akaacha kuoga. "Ee! Sasa nifanyeje?"

"Nikushonee unyayo wako mgongoni mwa kila joho, kwenye bitana. Nje hauonekani. Siku ya kudai unamwambia tu: vua, utazame umevaa nini."

"Hoo, hoo, hoo! Mdogo wewe, lakini una akili! Shona!"

Nguchiro akashona siku tatu. Bitana akaishona imara, na unyayo mwekundu mkubwa kama ungo, unaoonekana pande zake zote mbili. Kitambaa cha juu akakipiga bandi tu, kwa uzi mmoja dhaifu.

Siku ya mdahalo uwanja ulifurika pande zote za jukwaa. Tembo akapanda jukwaani, akatanua mikono.

"Mimi ndiye mtetezi wa wanyonge!"

Parrr! Uzi ukakatika, kitambaa cha juu kikaanguka, unyayo huo hadharani.

Punda akacheka mpaka akajipinda. "Mtazameni, kanunuliwa! Mimi sinunuliki, hiii-ha..."

Parrr!

Kisha Kobe, aliyekaa mbele kabisa, akauliza, "Jamani, mbona unyayo ni mmoja?"

"Hata wewe?" Tembo akamwuliza Punda.

"Kumbe hata wewe?"

Nguchiro akaruka juu ya meza.

"Wenzangu! Wagombea wawili, bwana mmoja! Basi leo hatuombi kamati. Kura zetu ni za atakayeng'oa uzio, sasa hivi, macho yetu yakiona!"

"Ndiyooo!" uwanja mzima ukaitikia.

Tembo akamtazama Punda, Punda akamtazama Tembo. Halafu mbio! Tembo akang'oa nguzo za upande huu kwa mkonga, kwa! kwa! Punda akavunja za upande ule kwa mateke, ti! ti! Kila mmoja alihofia mwenzake asije akamaliza kwanza.

"Karanga zangu! Jamani, karanga zangu!" Kiboko alilia, wala hakuna aliyegeuka. Karanga hazipigi kura.

Kabla jua halijafika utosini, hapakuwa na nguzo hata moja iliyosimama. Watoto wa Nguchiro wakajitosa chubwi, chubwi, wakanywa maji safi mpaka matumbo yakajaa. Mama yao akakaa ukingoni, akacheka peke yake.

Mnauliza nani alishinda uchaguzi? Wanangu, hilo nimelisahau. Ninachokumbuka ni maji.

Basi jueni: mgombea hununuliwa na mmoja, lakini wengi wakishikamana humtuma kazi.